ACHENI KUTUVALISHA MADENI, JEZI YA LAKI TATU HAIPIGI PEDELI

 Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Umbea upo, simu imejaa, nitaushusha kesho Mungu akipenda. Leo nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, na nikishalisema mnitukane tu hapo chini, nimejiandaa.

Mnaikumbuka ile posti ya picha kumi na nne, ya kundi la mastaa wanaoendesha baiskeli kila Jumapili asubuhi? Wote nyeusi tupu, kuanzia jezi mpaka soksi, wamejipanga ufukweni utafikiri wanatangaza gari jipya. Kichwa cha habari nilikiandika mwenyewe: "WAMEPENDEZA BALAA, UKITAKA KUJIUNGA JIPANGE!" Posti ikakimbia kuliko zote za mwezi ule. Maoni yakamiminika, na mengi yalikuwa swali moja tu: hizo nguo zinauzwa wapi na ni shilingi ngapi?

Mmoja wa wanakundi, mtangazaji wa redio ambaye jina nalihifadhi ingawa sauti yake mnaijua, akaingia mwenyewe kujibu: "Juu mpaka chini ni milioni na kitu. Baiskeli ni ya wanaojielewa." Watu wakampigia makofi. Na mimi nikampigia.

Sasa ngoja niwape kilichofuata.

Kuna dogo mmoja mtaani kwetu huku Tegeta, kazi yake kuosha magari. Huyu anaendesha baiskeli kweli kweli, siyo ya picha. Ana baiskeli ya mbio ya mtumba, rangi imebanduka, aliinunua kwa kudunduliza miezi minane. Anakwenda nayo Bagamoyo na kurudi, halafu mchana anafungua kazi kama hakuna kilichotokea. Alipoiona ile posti yangu akanifuata kibarazani: "Bro, hawa jamaa wanakutana wapi?" Nikamwelekeza vizuri tu.

Jumapili yake ya kwanza alikwenda na jezi ya Yanga na bukta ya mpira. Na aliwakimbiza! Nimehadithiwa na mtu aliyekuwepo: kwenye daraja la Tanzanite dogo alikuwa mbele peke yake, wenye milioni zao wanamtafuta kwa macho. Kimbembe kikaja mwisho, wakati wa kupiga picha. Dada mmoja mwenye wafuasi wengi mtandaoni akamwambia, tena kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, kaa pembeni kidogo, tunapanga rangi. Siku nyingine ukija, njoo umevaa."

Njoo umevaa. Mtoto wa watu hakuwa uchi.

Wiki ileile dogo akakopa kwenye simu. Ile mikopo ya dakika mbili mnayoijua, inaingia kama baraka na inatoka kama roho. Akaongezea hela aliyokuwa anaiweka kwa ajili ya kodi ya chumba. Akaenda Kariakoo, akarudi na jezi nyeusi na bukta nyeusi ya kubana yenye mikanda ya begani, jumla Sh 280,000, muuzaji kamwapia kwa jina la mama yake mzazi kwamba ni orijino. Nikamuuliza, na taa je? Akacheka. "Bro, taa itakuja." Helmeti ilikuwa ya kuazima.

Taa haikuja. Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, giza bado, dogo yuko barabara ya Bagamoyo anawahi kundi. Nguo nyeusi, baiskeli nyeusi, hakuna hata kitu kimoja mwilini kinachong'aa. Bajaji ikamgonga kwa nyuma. Dereva hakukimbia, ndiye aliyempeleka hospitali, na nilimkuta pale mlangoni analia: "Sikumuona, wallahi sikumuona." Namwamini. Hata mimi nisingemuona.

Mungu mkubwa, dogo yupo hai. Mtulinga umevunjika, ule mfupa wa mbele karibu na bega, na ngozi ya mkono ameiacha kwenye lami. Nilipoingia wodini, neno la kwanza hakuniambia anaumwa wapi. Aliniambia, "Bro, wameikata na mkasi."

Jezi. Ili wamvue bila kuutikisa ule mfupa, manesi waliikata kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Hela ya kodi na mkopo wa simu vikaingia kwenye ndoo ya taka, na mkopo wenyewe mpaka leo unamtumia meseji za vitisho. Tulipotoka pale na mama yake, kwenye meza ya mmachinga barabarani kulikuwa na taa ndogo nyekundu za nyuma, zile za kuchaji. Sh 10,000. Mama akaishika moja, akaiwasha, akaizima, akairudisha mezani. Hakusema kitu. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta pa kuficha uso.

Na kundi je? Waliposti bwana. Picha yao wenyewe wamevaa nyeusi, na chini maneno: "Pole sana mdogo wetu, usalama kwanza."

Usalama kwanza! Mlipomwambia njoo umevaa, usalama ulikuwa wa ngapi?

Nianze kujishtaki mwenyewe kabla hamjanishtaki. "Jipange" nililiandika mimi. Nilijua kabisa wanaosoma hapa wengi wao ni vijana kama mimi, kidato cha nne, kipato cha kuungaunga, na bado nikawaambia kwamba mlango wa kuendesha baiskeli unalipiwa milioni. Sikuandika bei ya helmeti. Sikuandika kwamba alfajiri kuna giza. Niliandika "wamependeza" kwa sababu ndilo neno linaloleta watu. Nimeifuta ile posti jana usiku. Najua kufuta hakuungi mfupa.

Sasa tuje kwao.

Najua utetezi wenu. Wa kwanza: "Ni hela zao, zinakuuma nini?" Haziniumi hata kidogo. Mtu akitaka kuendesha baiskeli na suti ya harusi, aendeshe. Kinachoniuma ni pale hela zako unapozigeuza kuwa sheria kwa asiye nazo. Na siyo wote mnaowaona wametoa hela. Mimi nipo kwenye haya mambo ya mtandao, wauzaji wananiandikia: chukua seti mbili bure, weka picha, usiseme umepewa. Kama wananiandikia mimi mwenye kiblogu cha mtaani, mastaa wanaandikiwa mara ngapi? Kwa hiyo kijana anakopa ili afanane na mtu aliyevalishwa bure. Hapo naomba mnisaidie kujua mjanja ni nani.

Hata wale wakubwa wa dunia mnaowaiga hawanunui zile jezi. Mwendeshaji wa Tour de France anapewa nguo na timu yake, na yale maandishi kifuani ni matangazo ya kampuni zinazomlipa mshahara. Yeye analipwa ili awe bango. Wewe unalipa ili uwe bango. Halafu unajiita unayejielewa.

Ile jezi ya njano ya Tour de France ilianza kuvaliwa mwaka 1919 ili anayeongoza mashindano aonekane ni yupi kati ya kundi. Yaani mtu anaendesha kwanza, halafu ndiyo anavalishwa. Biniam Girmay, kijana wa Eritrea, mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuibeba jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kuibeba. Hakuna duka lililomuuzia. Chris Froome aliyeshinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na ujana wake alikuwa anafukuzana na vijana wa David Kinjah nje kidogo ya jiji, watoto wa kawaida wenye baiskeli za kuungaunga. Sasa fikirieni kama siku ile ya kwanza wangemwambia kaa pembeni, tunapanga rangi.

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali, Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika, kila mtu mjini ameamka mwendesha baiskeli. Ni jambo zuri sana. Lakini kama tulichojifunza Kigali ni kubana nguo tu, basi tulitazama soksi, hatukutazama milima.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi, na sitaki kuukwepa: "Nguo za baiskeli siyo urembo, zina kazi yake." Kweli kabisa, zina kazi. Ndiyo maana nataka tuzipange kwa kazi, siyo kwa picha. Kuna mdau aliniuliza kwenye ile posti, na sikumjibu kwa sababu nilikuwa nafurahia idadi ya watu walioingia: "Mimi nina laki moja na nusu, ninunue jezi au helmeti?" Ndugu yangu, samahani nimechelewa. Jibu lako hili hapa.

Cha kwanza ni uhai. Helmeti, taa nyekundu ya nyuma, taa nyeupe ya mbele, na kizibao cha reflekta kama wanachovaa bodaboda. Helmeti angalia ndani kama ina alama ya viwango, ile ya Ulaya imeandikwa EN 1078, ya Marekani CPSC. Sasa wengi hamjui hili: helmeti ya bei ndogo na ya bei ya kutisha, zote zikiwa zimepita kiwango kimoja, zimefaulu mtihani uleule wa kugongwa. Hela inayoongezeka mara nyingi inakununulia wepesi, matundu ya hewa na jina. Matundu ni mazuri kwa joto letu, sikatai, ila kichwa hakisomi jina. Na helmeti usinunue ya mtumba hata kama inang'aa vipi. Ile sponji ngumu ya ndani inafanya kazi kwa kubonyea ikipigwa. Ikishapigwa mara moja imemaliza kazi, hata kama kwa nje haina ufa, na wewe pale Karume huwezi kujua ilianguka na nani huko ilikotoka.

Rangi je? Haiongezi hata shilingi. Jezi ya njano au chungwa iliyokoza inaonekana mchana kuliko nyeusi, bei ileile. Lakini usiku na alfajiri rangi peke yake haitoshi, kinachokuokoa ni taa na kile kitambaa kinachorudisha mwanga wa gari. Kundi zima la alfajiri kuvaa nyeusi bila reflekta siyo mtindo, ni kujificha barabarani.

Cha pili ni makalio. Msicheke. Hapa ndipo nguo ya baiskeli inapoonyesha thamani yake. Ukiendesha zaidi ya saa moja, uzito wako umekaa kwenye siti nyembamba na miguu inasugua muda wote. Bukta yenye sponji ndani imetengenezwa kwa ajili hiyo. Zamani pale ndani waliweka ngozi laini ya mnyama, siku hizi ni sponji. Kama una hela ya kununua nguo moja tu ya baiskeli, nunua bukta, jezi iache dukani. Na bukta ya sponji haivaliwi juu ya chupi! Mshono wa chupi ndio unaokuchubua, halafu unalalamika bukta mbaya. Unaivaa peke yake, na kila ukitoka kuendesha unaifua.

Namna ya kuichagua nimefundishwa na dogo mwenyewe, kabla picha za watu hazijamharibu. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: inatakiwa ikaze na kurudi juu, isizame kama mto wa sofa. Unene siyo ubora. Pitisha mkono ndani: ukikutana na mshono mgumu pale unapokalia, rudisha. Ivute kitambaa mbele ya mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, na wanaokufuata nyuma wataona vya kwako. Bukta pia usinunue ya mtumba, sponji imeshakalia ya watu mpaka imelala, na ngozi ya pale haitaki utani.

Cha tatu ni jasho na jua. Pamba inanyonya jasho na kukaa nalo, ndiyo maana fulana ya pamba inageuka tambara la deki kabla hujafika Mbezi. Jezi ya baiskeli ni kitambaa cha poliesta kinachokauka upesi. Sasa niambieni, jezi ya Simba au Yanga imeshonwa kwa kitambaa gani? Poliesta! Kwa mtu anayezunguka saa moja au mbili, jezi ya mpira inatosha kabisa. Ya baiskeli inaongeza mifuko mitatu mgongoni, inashuka nyuma kiuno kisibaki wazi ukiinama, ina zipu ya kufungulia upepo, na inabana ili isipepee. Kubana kuna maana kubwa kwa wanaoshindana, kwa sababu ukiwa na kasi adui mkubwa kwenye tambarare ni upepo. Lakini wewe unayesimama kila kilomita tatu kupiga selfi, unakimbizana na upepo gani?

Na jezi hii sasa ndiyo ya kununua mtumba. Nimezunguka Karume mara tatu wiki hii kwa ajili yenu. Jezi nzima za baiskeli, zipu inafanya kazi, nimeuziwa kwa Sh 8,000 mpaka 15,000 kwa kubembelezana. Zimeandikwa majina ya klabu za vijiji vya Ulaya nisivyovijua hata kutamka, na jasho linakauka vilevile. Chukua ya mikono mirefu kama unatoka mchana, jua letu halina adabu.

Cha mwisho kabisa ni picha. Soksi za kufanana, miwani ya staa, viatu vya kunasa kwenye pedeli, jezi yenye jina kubwa. Ukishamaliza vile vitatu vya juu, huna deni, na kodi imelipwa, nunua. Wala sitakusema. Mtu kupendeza siyo dhambi, na mimi ningekuwa mnafiki kulisema hilo kwenye ukurasa unaoishi kwa watu kupendeza.

Haya, yule mdau wangu wa laki moja na nusu. Kwa bei nilizokutana nazo mimi Kariakoo na Karume, na bei zinapanda na kushuka: helmeti mpya yenye alama, Sh 50,000. Taa mbili, 20,000. Kizibao cha reflekta, 5,000. Bukta ya sponji ya kawaida, 45,000. Jezi ya mtumba, 10,000. Glovu za vidole wazi, 10,000, kwa sababu ukianguka kitu cha kwanza kinachogusa chini ni kiganja. Jumla Sh 140,000. Inabaki 10,000, kunywa maji na ununue kiraka cha tairi. Umekamilika kuanzia kichwani mpaka kitakoni na hakuna anayekudai.

Mwenye elfu hamsini? Taa, reflekta, na iliyobaki anza kudunduliza helmeti, na mpaka uipate toka kukishapambazuka. Bukta ya mpira na jezi ya mpira vinakutosha kwa safari fupi. Usimsikilize mtu.

Na mwenye milioni? Na wewe jiulize swali hili hili: nitaivaa mara ngapi? Chukua bei, gawa kwa idadi ya safari. Bukta ya Sh 52,000 ukiivaa kila Jumapili mwaka mzima, kila safari imekugharimu 1,000. Jezi ya laki tatu ukiivaa mara nne halafu ikabaki kwenye hanga, kila mvao umelipa 75,000. Ndiyo maana anayekwenda Bagamoyo na kurudi kila wiki namwambia bila wasiwasi, ongeza hela kwenye bukta, hata mara tatu ya bei yangu, utairudisha kwa kilomita. Aliyeanza jana namwambia subiri. Endesha miezi miwili kwanza, mwili wenyewe utakwambia unataka kununuliwa nini.

Dada zangu, sijawasahau. Wengi mmeniandikia kisiri kwamba mnaacha kuja kwa sababu nguo zinabana na barabarani kuna midomo michafu. Kwanza hiyo midomo ni tatizo la wenye midomo. Pili, hakuna sheria inayosema lazima uonekane umebana. Vaa bukta ya sponji ndani, juu yake kaptula pana au suruali nyepesi, na jezi ya mikono mirefu. Mwenye hijabu afunge ya kitambaa chepesi kinachokaa vizuri chini ya helmeti. Angalia tu nguo pana isifike kwenye cheni. Na sponji ya kike ina umbo lake tofauti na ya kiume, kwa hiyo usikubali kuuziwa ya kaka eti "zote sawa". Siyo sawa. Kama kundi lako linakuona hujavaa kwa sababu umejisitiri, hilo siyo kundi la baiskeli, ni gwaride.

Na kuna watu wengine ambao ile posti yangu haikuwataja kabisa. Hivi ni nani anayeendesha baiskeli sana Dar hii? Ni muuza mikate anayetoka saa kumi alfajiri. Ni muuza maji mwenye madumu sita. Ni mzee wa samaki anayewahi Feri. Ni wale wa mkaa wanaotokea upande wa Kisarawe na magunia yanayozidi urefu wao. Wamevaa fulana ya kampeni na malapa. Kwa wiki moja wanapiga kilomita ambazo mastaa wetu wanahitaji miezi kuzifikia, na hakuna aliyewahi kuwaita "wanaojielewa". Hao ndio wanaohitaji reflekta kuliko mtu yeyote mjini. Bei ya ile jezi moja ya kwenye ndoo ya taka ingenunua vizibao hamsini na sita. Nimepiga hesabu mara mbili: 280,000 gawa kwa 5,000. Hamsini na sita.

Kwa hiyo ndugu zangu mastaa, mtangazaji wangu wa redio, dada yangu wa kupanga rangi, kijana wa muziki uliyekuwa katikati ya ile picha umeshika chupa ya maji. Najua mnasoma hapa, huwa mnakuja kuangalia mmetajwa vipi. Sijawataja, na sitawataja. Nina maombi matatu tu. La kwanza, kama nguo mmepewa bure, semeni mmepewa bure. La pili, mkiulizwa bei, anzeni kutaja bei ya taa na helmeti, ndipo mtaje ya jezi. La tatu, sheria ya kundi lenu iwe hii: asiye na taa haondoki alfajiri, lakini asiye na jezi anakaribishwa. Mlimuona dogo hana jezi ndani ya dakika moja. Hamkuona kwamba hana taa.

Mtasema ninyi hamkumgonga. Kweli, hamkumgonga. Bajaji ndiyo iliyomgonga. Ila sisi, na mimi nimo, ndio tuliomvalisha giza.

Dogo ametolewa hospitali. Daktari amemwambia kama wiki sita hivi asinyanyue kitu, na muosha magari asiyenyanyua ndoo mnajua anakula nini. Juzi nilimpelekea taa mbili na kizibao. Akakivaa palepale kitandani juu ya ule mkono uliofungwa, akajitazama kwenye kioo cha simu. "Bro, hii rangi haiendani na baiskeli yangu." Nikamwangalia. Akacheka, akajishika bega, akasema kucheka kunauma.

Akipona anasema atarudi na jezi yake ya Yanga. Mimi wa Msimbazi, lakini siku hiyo nitampiga picha mwenyewe, na itakaa juu kabisa ya ukurasa huu.

Haya, uwanja ni wenu. Weka hapo chini ulianza na nguo gani, bei gani, na kama ungerudishiwa hela yako leo ungenunua nini kwanza. Anayetaka kunitukana naye akaribie, ila aanze kwa kutuambia baiskeli yake ina taa ya nyuma au haina.